Usiuze Chakula cha Mutoto Wako

Nataka kukuuliza neno moja. Jana jioni mutoto wako mudogo alikula nini? Usiniambie kile baba alikula, wala kile kilichokuwa ndani ya chungu. Niambie kile kilichoingia katika kinywa cha mutoto.

Miaka mingi nimetumika katika chumba cha watoto hapa kwetu Kivu. Asubuhi tunasoma Neno na kuomba, kisha ninapima watoto na kuwafundisha wamama juu ya chakula. Karibu kila juma mama mumoja ananiambia: "Munganga, sisi ni wamaskini, hatuna kitu cha kumupa mutoto." Mara nyingine ni kweli kabisa, nami ninanyamaza. Lakini mara nyingi ninamuuliza: "Mama, una kuku?" "Ndiyo." "Zinataga?" "Ndiyo, munganga." "Mayai yanakwenda wapi?" "Sokoni." "Na feza ya mayai?" Hapo anacheka kidogo na kutazama chini. Feza ya mayai imekuwa sukari, na mukate mweupe, na soda ya mutoto.

Watu wengi wanasema kwamba watoto wanagonjwa kwa sababu tumeacha chakula cha wazee. Mimi sisemi hivyo. Nasema kwamba tumejifunza kuuza kile kinachojenga mwili, na kununua kile kinachofurahisha ulimi.

Wakati wa koko wangu, mama ya mama yangu, watu wa milima yetu walikula bugali ya mutama na ya ulezi, ndizi, maharagi, maboga na majani ya shamba. Aliyekuwa na ng'ombe alikunywa maziwa. Serikali ya Wabeleji iliwalazimisha watu kupanda muhogo ili kuzuia njaa, maana muhogo unakaa katika udongo muda murefu bila kuoza. Wakati wa mama yangu bugali ya muhogo ilikuwa chakula cha kila siku, lakini pembeni yake kulikuwa maharagi, sombe na karanga. Kulikuwa vilevile sambaza. Samaki hizo ndogo hazikuwa katika ziwa Kivu zamani. Zililetwa kutoka ziwa Tanganyika katika mwaka 1959, zikaongezeka sana. Ona basi, si kila kitu kipya ni kibaya.

Wala si kila kitu cha zamani kilikuwa chema. Katika kisiwa cha Idjwi watu wengi walivimba shingo kwa sababu chakula chao kilikosa iodi. Na katika jamaa nyingi mwanamuke alikatazwa kula kuku na mayai, hata akiwa na mimba.

Kisha vita vya 1996 mpaka 2003 vikaja. Ng'ombe na mbuzi zikaibwa, watu wakakimbia mashamba yao. Maziwa yakatoka katika nyumba nyingi, na kwa wengine hayakurudi tena. Muhogo ukabaki peke yake katika sahani, na duka likaingia pahali pa zizi.

Mimi mwenyewe sijitoi katika lawama hii. Mutoto wetu wa pili alipokuwa na mwaka mumoja na nusu, bibi yangu alipata mimba nyingine, tukamwachisha mutoto ziwa. Kila siku ya mushahara nilileta nyumbani mukate mweupe, majani ya chai na sukari. Nilizani kwamba mutu wa hospitali anapaswa kula hivi, na majirani waone. Mayai ya kuku zetu tuliyauza ili sukari isikose. Asubuhi mutoto alipewa chai tamu na mukate; jioni bugali na muchuzi. Alishiba kila siku.

Mama mukwe wangu akaja kututembelea. Akamutazama mutoto, akafinya muguu wake kwa kidole, na shimo la kidole likabaki. Hakusema neno mbele ya watu. Akaniita nje kwa upole, akasema: "Baba Eliya, wewe unapima watoto wa wengine. Huyu wako, nani anamupima?" Sikuwa na jibu. Usiku ule nililala pembeni ya kitanda ambapo asubuhi nilikuwa nikiwafundisha wamama wengine. Mungu akatuhurumia, mutoto akapona. Lakini shimo lile la kidole ninaliona mpaka leo.

Ugonjwa ule sisi tunauita bwaki. Katika mwaka 1935 munganga mwanamuke Cicely Williams, aliyetumika katika inchi inayoitwa leo Ghana, aliujulisha kwa jina la kwashiorkor. Ni neno la watu wa kule, maana yake ugonjwa wa mutoto aliyeondolewa kwa sababu mwingine anakuja. Miguu na mashavu yanavimba, nywele zinageuka rangi, mutoto ana huzuni na hataki kucheza. Mama anafikiri amenenepa, kumbe ni maji. Wengine wanasema jirani amemuloga. Musomaji wangu, mwache jirani. Tazama sahani.

Utaniambia: "Munganga, nisipouza mayai, feza ya masomo itatoka wapi?" Neno hili ninaliheshimu, maana nami ninalipa. Sisemi usiuze kitu. Nasema, toa kwanza sehemu ya mutoto, kisha uza inayobaki. Kama mayai ni kumi, matatu yasione soko. Na feza ya saba ilipe masomo, isilipe soda. Chupa moja ya santilita 33 mara nyingi ina zaidi ya gramu 30 za sukari, na haina kitu cha kujenga mwili.

Haraka ya soko inaweza kuumiza hata wale wanaokula cha shamba. Kule Kwango, upande wa magaribi ya Kongo, muhogo muchungu unalowekwa siku tatu au zaidi ili sumu itoke. Biashara ya muhogo kwenda Kinshasa ilipoongezeka, wengi walipunguza siku za kuloweka wapate kuuza upesi. Kati ya wale waliokula muhogo ule bila samaki wala maharagi ya kutosha, wengine walikakamaa miguu kwa gafula. Ugonjwa huo ni konzo, na miguu ile hairudi kama kwanza.

Esau aliuza haki yake ya muzaliwa wa kwanza kwa sahani moja ya dengu. Lakini yeye hata hivyo alipata dengu, chakula cha kujenga mwili. Sisi tunatoa dengu na kupokea maji matamu!

Basi shika maneno haya:

1. Mutoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita. Kisha umupe chakula, naye aendelee kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi.

2. Kila siku tia katika chakula chake kitu cha kujenga mwili: yai, sambaza zilizosagwa, maharagi yaliyopondwa, karanga au soya. Tia na majani ya mboga.

3. Mutoto awe na sahani yake mwenyewe. Mkono mudogo haushindi mikono ya wakubwa katika sahani moja. Na baba asile nyama yote, akimwachia mutoto muchuzi.

4. Nunua chumvi yenye iodi, lakini tumia kidogo. Mutu mukubwa asipite gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja kidogo, pamoja na ile iliyo ndani ya vidonge vya kukoleza muchuzi. Chumvi nyingi inapandisha damu.

5. Miguu ya mutoto ikivimba, umulete hospitali siku ile ile. Usingoje siku ya soko.

Leo jioni, utakapoinamisha kichwa kushukuru kwa ajili ya chakula, fungua macho mara moja na kutazama sahani ya mutoto. Kama hamna yai, wala samaki, wala maharagi, usiulize kwanza kama Mungu hakutoa. Uliza kama hukuuza.