Redio iliyofungwa na swali la Tobiti



Mpendwa msomaji, kama una gari la zamani lililotoka Ulaya, huenda jambo hili limeshakupata. Betri imekufa, fundi ameitoa na kuweka nyingine. Gari linawaka, taa ziko sawa, honi inalia. Unawasha redio usikilize Misa au taarifa ya habari, nayo iko kimya. Kwenye kioo chake kidogo limeandikwa neno moja la Kiingereza, SAFE, maana yake salama. Kwenye gari la aina nyingine utaona neno CODE. Redio ni nzima, ila imejifunga, na haitafunguka mpaka uiandikie namba yake ya siri. Nawe gari hilo ulilinunua kwa mtu, ambaye naye alilinunua kwa mtu mwingine, na hakuna aliyewahi kukutajia namba hiyo.

Wengi hukasirika hapo. Gari ni langu, nimelilipia, kadi ina jina langu, iweje redio yangu mwenyewe inidai namba? Swali hilo ni la haki. Dominika ya leo naomba tulitafakari pamoja, kwa sababu jibu lake linamgusa hata ndugu yetu anayekwenda kanisani kwa miguu.

Miaka ya 1980 na 1990 wizi wa redio za magari ulikuwa umeenea sana katika miji ya Ulaya na Marekani. Mwizi alivunja kioo, akachomoa redio kwa muda mfupi, akaenda kuiuza. Watengenezaji wakabuni kinga. Redio ilipewa namba yake ya siri, mara nyingi ya tarakimu nne. Ikikatiwa umeme wa betri kisha ikarudishiwa, inadai namba hiyo kabla ya kutoa sauti. Kwa kuwa mwizi hawezi kuichomoa bila kuikatia umeme, anaondoka na kitu kisichosema, na kitu kisichosema hakina mnunuzi.

Shida ni kwamba redio haiwezi kutofautisha watu. Haijui kama umeme umekatwa na mwizi usiku au na fundi wako mchana. Kwa hiyo inamuuliza kila mtu swali lilelile: je, mali hii ni yako?

Sasa, ukiulizwa swali hilo ufanye nini? Kwanza, usibahatishe. Haraka haraka haina baraka. Kwenye redio nyingi za Volkswagen za miaka hiyo, ukikosea namba mara mbili inajifunga kwa muda wa kama saa moja, na inabidi uiache imewashwa muda wote huo ndipo ikuruhusu kujaribu tena. Kila ukibahatisha unajiongezea kungoja.

Pili, tafuta kumbukumbu. Gari lilipokuwa jipya, namba ya siri ilitolewa kwenye kikadi kidogo pamoja na kitabu cha maelekezo. Pekua kitabu hicho ukurasa kwa ukurasa. Angalia kwenye kisanduku kilicho mbele ya kiti cha abiria. Mpigie aliyekuuzia, umwombe akapekue makaratasi yake ya zamani. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Tatu, ukikosa kabisa, redio ina utambulisho wake. Fundi ataichomoa kwa vyuma vyembamba vya kazi hiyo, na kwenye mwili wake atakuta kibandiko chenye namba ndefu. Kwa redio nyingi za Volkswagen nilizozitaja, namba hiyo huanza na herufi VWZ. Kwenye baadhi ya magari ya Honda huna haja hata ya kuichomoa: ukishikilia kitufe cha 1 na cha 6 kwa pamoja huku ukiiwasha, namba ya utambulisho inatokea kwenye kioo. Hiyo siyo namba ya siri, ni kama jina la redio. Unalipeleka jina hilo kwa wakala wa kampuni iliyotengeneza gari, pamoja na kadi ya gari na kitambulisho chako. Akiridhika kwamba gari ni lako, ndipo anapoitafuta namba ya siri na kukupa.

Unaona, ndugu yangu, njia ya halali inapita kwenye ushahidi. Inachukua muda na pengine fedha kidogo, lakini haimwogopeshi mwenye mali. Anayeiogopa ni yule asiyeweza kuonyesha kadi.

Hata hivyo tukubali kwamba kuna uchungu hapa. Mtu mwaminifu anasumbuliwa kwa sababu ya mwizi ambaye hajawahi kumwona. Na usumbufu huo hauko kwenye redio tu. Tazama magari ya mijini kwetu: vioo vya pembeni vimechorwa namba za usajili, na taa vilevile. Tazama madirisha ya nyumba zetu yalivyojaa nondo. Hata sanduku la sadaka lina kufuli. Wote tunalipa gharama ya wizi, hata tusioibiwa.

Hapo tumezoea kumlaumu mwizi peke yake. Mimi leo nataka tumwangalie mtu mwingine. Kijana aliyevunja kioo cha gari usiku hakuwa na haja ya kusikiliza redio. Aliyeng'oa kioo cha pembeni hana gari la kukifunga. Aliiba kwa sababu alijua kesho asubuhi atapata mtu wa kumuuzia. Mtu huyo ana kazi yake, ana familia, pengine ana jumuiya ndogo ndogo anayosali nayo, na Dominika tunaketi naye benchi moja. Akitajiwa bei hushangaa ilivyo ndogo, lakini haulizi. Anajua kwamba akiuliza atapata jibu, na jibu litamharibia biashara.

Katika Kitabu cha Tobiti, sura ya pili, kuna habari ambayo hatuihubiri mara nyingi. Tobiti alikuwa uhamishoni Ninawi. Alikuwa amepofuka macho, na riziki ya nyumba ilitokana na mikono ya mkewe Ana, aliyefanya kazi ya kufuma kwa ujira. Siku moja waliompa kazi walimlipa ujira wake kamili, wakamwongezea na mwanambuzi. Alipoingia naye nyumbani, mbuzi akaanza kulia. Tobiti hakumwona, ila alisikia sauti. Akauliza mbuzi huyo ametoka wapi, akaonya kwamba kama ameibwa arudishwe kwa wenyewe, maana wao hawana haki ya kula cha wizi.

Tafakari hali ya nyumba ile. Mume haoni, mke anafanya kibarua, na kitoweo kimeingia mlangoni kwa miguu yake. Ni wangapi kati yetu tungeuliza? Tungeshukuru Mungu na kutafuta kisu. Tobiti alikuwa na sababu zote za kunyamaza, lakini aliuliza.

Lakini Maandiko hayamfichi Tobiti udhaifu wake. Ana alimweleza kwamba mbuzi ni zawadi, naye hakumwamini. Alishikilia arudishwe, akamwonea mkewe haya kwa kosa ambalo hakulitenda, na nyumba ikaingia ugomvi. Kuuliza kulikuwa sahihi. Kutosikiliza jibu lilikuwa kosa. Hapo redio ya gari inamshinda Tobiti, kwa sababu yenyewe inauliza bila kutukana, na ukileta namba inafunguka palepale.

Mafundisho ya Kanisa juu ya jambo hili hayana kona. Wengi wetu tulipojifunza amri ya saba tulielewa kwamba inamhusu anayenyoosha mkono kuchukua. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2412, inakwenda mbali zaidi. Inafundisha kwamba wajibu wa kurudisha unamfikia pia aliyeagiza wizi, aliyeusaidia na aliyepokea mali hiyo akijua, kila mmoja kwa kadiri alivyohusika na alivyofaidika. Hata sheria ya nchi inalijua hilo. Kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahesabu kupokea mali ya wizi kuwa kosa la jinai.

Najua majibu tunayojipa. La kwanza ni kwamba sikujua. Mtu asiyejua kweli hana hatia ya kutojua. Lakini kuna kutojua kwa kujitakia. Ukiuziwa simu nzuri kwa bei ya kutupa, haina chaji, haina risiti, na inadai namba ya siri ambayo muuzaji haijui, hapo umeshaambiwa. Simu hiyo inasema maneno yaleyale ya redio ya zamani.

Jibu la pili ni kwamba maisha ni magumu. Ni kweli ni magumu, lakini jiulize ni magumu kwa nani. Simu iliyoibwa kwenye daladala mara nyingi ni ya mama lishe, na ndani yake ndimo alimoweka fedha za mtaji. Kioo kilichong'olewa ni cha dereva anayemlipa tajiri hesabu kila jioni. Tukitumia umaskini wetu kuwa sababu, tumkumbuke na maskini aliyelipia.

Jibu la tatu ni kwamba nisiponunua mimi atanunua mwingine. Huenda. Lakini siku ya hukumu hatutaulizwa habari za huyo mwingine.

Napenda hapa niseme na ninyi mafundi, hasa vijana mlio kwenye magereji na kwenye vibanda vya simu. Kufungua kitu kilichojifunga si dhambi. Mwenye redio yake anayo haki ya kuisikia, na ufundi wenu ni karama. Ila kabla hujafungua, omba kuona kadi ya gari, risiti au kitambulisho. Najua gharama yake. Mteja atanuna, atavuka barabara kwenda kwa jirani yako asiyeuliza, na siku hiyo utarudi nyumbani na fedha pungufu. Hiyo ni sadaka halisi, na Mungu anaiona. Nanyi wateja, fundi akikuulizeni karatasi, msimwone anawadharau. Mpeni kazi huyohuyo. Anayeuliza mali ya wengine imetoka wapi ndiye atakayeilinda yako.

Pengine unasoma haya na nyumbani kwako kuna kitu ambacho moyo umeshakuambia hakikuja kwa njia safi. Usikate tamaa. Zakayo, katika Injili ya Luka sura ya 19, hakungoja kushtakiwa. Bwana alipoingia nyumbani mwake, aliahidi kurudisha mara nne kwa yeyote aliyemdhulumu. Kama unamfahamu mwenye mali, mrudishie. Kama unaona aibu au unaogopa, nenda kwenye kitubio, zungumza na padre. Anaweza kukusaidia kupata njia ya mali kumfikia mwenyewe bila jina lako kutajwa, na siri ya kitubio haivunjwi. Kama mwenyewe hajulikani wala hawezi kupatikana, Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba kinachodaiwa kitolewe sadaka kwa ajili ya mwenyewe. Usichoweza kufanya ni kubaki nacho na kusema umeshasamehewa.

Na wewe unayeuza gari lako wiki hii, usikabidhi funguo peke yake. Tafuta kile kikadi, mpe mnunuzi pamoja na kitabu na kadi ya gari. Kama bado unalo gari lako, iandike namba ya siri na kuihifadhi nyumbani, mahali mwenzi wako au watoto wako wanapopajua. Usiiache ndani ya gari, maana mwizi akiikuta humo atakuwa amepata redio pamoja na ufunguo wake. Kumpa mtu mali pamoja na ushahidi wa uhalali wake ni tendo la upendo, kwa sababu unamwondolea siku ya kushukiwa bure.

Wiki hii, kabla hujatoa fedha kwa kitu chochote kilichotumika, iwe redio, simu, kioo au bati, uliza swali la Tobiti: kimetoka wapi? Uliza kwa heshima, kisha usikilize jibu. Likiwa safi, nunua kwa moyo mweupe. Likikosekana, rudisha fedha mfukoni, uende zako na amani yako.

Nawatakia Dominika njema.