Tingatinga likisafisha shamba, udongo wa juu unakwenda wapi?

Kila kiangazi, kabla ya mvua za vuli, mashine huingia kwenye mapori ya tambarare za Morogoro. Kazi ambayo shoka, panga na jembe vingeifanya kwa msimu mzima, tingatinga huimaliza kwa muda mfupi: vichaka vinalala, magogo yanasukumwa pembeni, visiki vinang'oka na mizizi yake. Na tangu Machi 2023, serikali ilipozindua mpango wa Jenga Kesho Iliyo Bora, BBT, na kuanza kufungua mashamba makubwa ya vijana mkoani Dodoma, habari za kusafisha mapori kwa mashine zimezidi kusikika vijijini.

Wengi wanaotafuta mashine huuliza bei kwanza. Lakini gharama kubwa ya kazi hii huwa haiandikwi kwenye risiti. Ni udongo wa juu.

Kwa nini udongo huo ni muhimu?

Katika mashamba yetu mengi, udongo mweusi wenye rutuba hauzidi shubiri moja kwenda chini. Umetokana na majani, mizizi na wadudu waliooza kwa miaka mingi sana. Chini yake kuna udongo mgumu usio na chakula cha kutosha kwa mmea. Bapa la tingatinga likishuka zaidi ya inavyotakiwa, linasomba rutuba yote pamoja na vichaka na kuirundika pembeni. Matokeo tunayaona shambani: mahindi yanastawi kwenye ukingo palipokuwa na rundo, huku katikati ya shamba yakiwa manjano.

Somo la Kongwa

Nchi yetu ina historia chungu ya jambo hili. Mwaka 1947, Uingereza ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika. Lengo lilikuwa kusafisha mamilioni ya ekari, yakiwemo maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matrekta yaliyobaki vitani, na hata vifaru viligeuzwa kuwa matrekta.

Pori la Kongwa halikukubali kirahisi. Mizizi ilivunja majembe, mibuyu ilisumbua, mashine nyingi ziliharibika ndani ya miezi michache. Mwaka wa kwanza walipanga ekari 150,000, lakini hazikufika hata 10,000. Na palipokwisha kusafishwa, tatizo jingine lilijitokeza: kiangazi, udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, na mvua zilikuwa za kubahatisha. Wagogo waliokuwa wakifuga na kulima hapo waliijua ardhi hiyo, lakini mpango ulitungwa mbali nao. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza iliuacha, ikiwa imepoteza takriban paundi milioni 36.

Kwa hiyo hata pale mashine zilipofanikiwa kuondoa pori, shamba halikupatikana, kwa sababu udongo na mvua havikuchunguzwa vya kutosha kabla ya kuanza.

Na milimani Uluguru?

Kwenye miteremko ya Uluguru tingatinga halipandi kirahisi, lakini somo la udongo wa juu limewahi kuwagusa Waluguru vilevile. Kuanzia 1950, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Nia ilisikika vizuri. Lakini uchimbaji ulileta juu udongo usio na rutuba, na mavuno yakashuka. Watu walichoka, na Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo. Polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukafutwa.

Miaka zaidi ya 50 baadaye, mashirika ya CARE na WWF yalifanya kazi na vijiji vya Kibungo Juu, katika mlima huohuo. Wakulima walikubali kuchimba matuta na kupanda miti na majani. Safari hii walishirikishwa na walilipwa, kwa sababu maji ya Mto Ruvu wanayoyalinda ndiyo yanayonywewa Dar es Salaam. Udongo ukiporomoka kutoka mashambani, huishia mitoni na mabwawani. Bwawa la Mindu, linalotegemewa na mji wa Morogoro, limekuwa likijaa tope kwa sababu hiyo.

Kabla ya kuita mashine

Kwanza, hakikisha ardhi ni yako kisheria. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mwekezaji akija na tingatinga kabla ya mkutano huo, wanakijiji wana haki ya kuuliza.

Pili, muone ofisa misitu. Kumiliki shamba peke yake hakukupi ruhusa ya kuvuna au kusafirisha magogo, hasa ya miti kama mninga, mvule na mpingo.

Tatu, kaa mbali na maji. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa.

Nne, patana na dereva kwa maneno ya wazi. Anayelipwa kwa ekari ana haraka ya kumaliza. Anayelipwa kwa saa hana haraka. Hakuna anayelipwa kwa udongo uliobaki, isipokuwa wewe umeliweka kwenye mapatano. Mwambie atumie reki yenye meno kung'oa visiki, badala ya kukwangua kwa bapa. Kazi ifanyike udongo ukiwa mkavu, maana mashine nzito kwenye tope hushindilia ardhi mpaka maji yashindwe kupenya. Marundo yalazwe kukingama mteremko, yazuie maji, wala yasichomwe ovyo.

Tano, usisafishe kuliko unachoweza kulima msimu huo. Ardhi iliyoachwa wazi hadi masika hubebwa na maji, na pesa ya mashine huondoka nayo.