Kenya: Mmea wa vilima vya Shimba na haki katika utafiti wa saratani

Trastuzumab emtansine, dawa ya saratani ya matiti iliyoidhinishwa nchini Marekani Februari 2013, hutengenezwa mbali sana na pwani ya Kenya. Hata hivyo, sehemu ya historia yake imo katika vilima vya Shimba, kaunti ya Kwale, na wenyeji wa huko hawamo katika hesabu ya faida zake.

Chimbuko lake ni kazi ya Morris Kupchan, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Virginia. Mwaka 1972 yeye na wenzake walitangaza kupata kiambata walichokiita meitansini, kutoka katika mmea wa jenasi ya Maytenus uliokusanywa Ethiopia. Kiambata chenyewe kilikuwa haba mno, miligramu chache au pungufu kwa kilo nzima ya mmea, na majaribio kwa wagonjwa yalihitaji kingi. Ndipo watafiti walipougeukia mmea wa jenasi hiyo hiyo unaoota Shimba, Maytenus buchananii. Maandishi ya wataalamu wa sera za bioanuwai yanaeleza kuwa katika miaka ya 1970 takriban tani 27 zilivunwa huko kwa ajili ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, na kwamba wakusanyaji waliutambua mmea kwa msaada wa Wadigo, waliokuwa wakiutumia kama dawa.

Nguvu ya meitansini iko katika namna inavyoizuia seli kugawanyika. Seli inapojiandaa kuzaa seli mbili, hujenga nyuzi nyembamba za protini iitwayo tubulini, ambazo huvuta kromosomu kila upande. Meitansini hujibandika kwenye tubulini, nyuzi zikashindwa kujengeka, na seli ikafa. Ubaya ni kwamba haichagui. Katika maabara iliua seli kwa ukali unaoipita dawa ya vinkristini zaidi ya mara mia, lakini kwa wagonjwa ilileta kutapika, kuharisha na madhara ya neva, huku uvimbe ukipungua kwa wachache tu. Mapema miaka ya 1980 majaribio yakaachwa. Anayedhani kwamba kuchemsha magamba ya mti huo nyumbani kutamponya azingatie hilo: sumu hii iliwashinda madaktari waliokuwa wakiipima kwa miligramu.

Kupchan alifariki 1976, hakushuhudia yaliyofuata. Teknolojia ya kampuni ya ImmunoGen ya Marekani ilitumika kuifunga sumu inayotokana na meitansini kwenye kingamwili inayoitambua protini ya HER2, ambayo hujaa juu ya seli za baadhi ya saratani za matiti. Kingamwili huipeleka sumu hadi kwenye seli yenye alama hiyo, na sehemu kubwa hufunguliwa ndani yake. Katika jaribio lililochapishwa 2012, likiwa na wagonjwa 991 ambao saratani yao ilikuwa imeenea au kukua, waliopewa dawa hiyo waliishi wastani wa kati wa miezi 30.9, dhidi ya miezi 25.1 kwa waliopewa matibabu ya kawaida.

Kwa upande wa haki, pana ugumu. Utafiti wa Kupchan haukuanzia kwa waganga wa Kwale, na malighafi ya sasa hutoka kwa bakteria wanaokuzwa kiwandani, si kwa mti wowote. Dai la Wadigo kwa hiyo si kwamba waliivumbua dawa. Ni kwamba ujuzi na msitu wao vilitumika bila mkataba, wakati utafiti ulipokuwa ukivihitaji. Dai hilo lina uzito, lakini sheria haliliungi mkono: Mkataba wa Bioanuwai ulianza kutumika Desemba 1993, Itifaki ya Nagoya Oktoba 2014, na sheria ya Kenya ya kulinda maarifa asilia ni ya 2016. Hakuna kati ya hizo inayorudi nyuma hadi miaka ya 1970.

Kinachobaki wazi ni uvunaji wa kesho, ambao huenda usihitaji hata gunia moja la majani, kwa kuwa taarifa za vinasaba husafiri kwa kompyuta. Mfuko wa Cali, uliozinduliwa Februari 2025, unayataka makampuni yanayonufaika na taarifa hizo yachangie, na angalau nusu ya fedha ielekezwe kwa watu wa asili na jamii za wenyeji. Michango hiyo ni ya hiari.