Mwaka wa Giza la Biharwe

Katika nchi ya Nkore, kilomita chache mashariki ya mji wa Mbarara, kuna mahali paitwapo Biharwe. Husimuliwa ya kuwa hapo zamani Olimi wa Kwanza, Omukama wa Bunyoro, aliishambulia Nkore, akateka ng'ombe wengi mno, na alipokuwa katika kurudi nao kwake jua likazimika mchana. Giza likaifunika nchi, askari wakaingiwa na hofu, mateka wakaachwa, na jeshi lililokuwa limeshinda likakimbia kama lililoshindwa. Mtawala wa Nkore siku hizo, kwa mujibu wa masimulizi, alikuwa Ntare Nyabugaro. Leo umesimama mnara hapo Biharwe, na mwaka unaotajwa ni 1520.

Msomaji makini atauliza: mwaka huo ulipatikana wapi? Olimi hakuwa na karani. Wala Ntare hakuwa na kalenda ukutani. Habari hizo zilipita kinywani mwa watu kwa vizazi vingi kabla ya mtu yeyote kuziandika, na katika masimulizi yenyewe hamna tarakimu hata moja.

Jibu ni kwamba mwaka ulitoka mbinguni, au tuseme kwa wanafalaki. Hao wanaweza kupiga hesabu za mwendo wa jua, mwezi na dunia kurudi nyuma mamia ya miaka, wakasema ni siku gani jua lilipatwa na ni nchi gani zilizopitiwa na kivuli. Kupatwa kabisa, hata mchana ukawa usiku, ni jambo adimu: mahali pamoja hupata bahati hiyo kwa wastani mara moja tu katika miaka zaidi ya 300. Katika orodha ya wanafalaki limo tukio la tarehe 17 Aprili 1520. Mwaka 1959 J. Sykes aliandika juu ya jambo hilo katika jarida la Uganda Journal, na kuanzia hapo mwaka 1520 ukazoeleka. Lakini mwaka 1963, katika jarida lile lile, Sir John Gray alitoa hoja kwamba kupatwa kulikokusudiwa ni kule kwa mwaka 1492.

Tofauti yao ni miaka 28, yaani umri wa kizazi kimoja. Na hapo ndipo penye fundo la habari yote.

Ili kuchagua kati ya miaka hiyo miwili, wataalamu walihesabu vizazi vya watawala kutoka wale wanaojulikana tarehe zao hadi kwa Olimi na Ntare, wakakadiria kila kizazi kuwa miaka 27 hivi. Kisha kupatwa kwa jua kukatumiwa tena kuthibitisha kwamba makadirio hayo ya vizazi ni sahihi. Polisi yeyote aliyepata kuandika maelezo ya mashahidi ataitambua hila hii, hata kama haikukusudiwa. Shahidi wa kwanza anasadikiwa kwa sababu wa pili amemuunga mkono, na wa pili anasadikiwa kwa sababu ameungwa mkono na wa kwanza. Mkuu wa kituo hawezi kupeleka jalada la namna hiyo mahakamani. David Henige, mwanahistoria wa Marekani, aliwaonya wenzake mwaka 1976 juu ya kutumia hivyo habari za kupatwa kwa jua.

Tena hesabu ya vizazi inategemea orodha za wafalme, na orodha hizo si jiwe. Speke, aliyefika Buganda mwaka 1862, aliandika majina ya wafalme wasiofika hata kumi. Stanley, aliyefika mwaka 1875, aliandika 35. Sir Apolo Kaggwa, Katikiro wa Buganda, alipochapisha kitabu chake cha wafalme mwaka 1901, Mutesa wa Kwanza alikuwa wa 30. Nchi ni moja na jumba la kifalme ni moja, na tofauti zote hizo zilitokea katika miaka isiyozidi 40. Yamkini Speke aliambiwa machache kwa kuwa aliuliza machache. Yamkini pia wengine waliambiwa mengi kwa sababu wakati ule ufalme wenye mizizi mirefu ulikuwa na haki ya kusikilizwa kuliko ufalme wenye mizizi mifupi.

Wala hayo hayakuwa mashindano ya majina matupu. Baada ya vita dhidi ya Kabalega, serikali ya Kiingereza iliikatia Buganda sehemu ya ardhi ya Bunyoro, ikiwa pamoja na masaza ya Buyaga na Bugangaizi, na Mapatano ya 1900 yakalithibitisha jambo hilo. Kati ya 1935 na 1937 Omukama Tito Winyi, akitumia herufi K.W., alichapisha katika Uganda Journal habari za wafalme wa Bunyoro-Kitara. Alikuwa mrithi wa kiti na mdai wa ardhi kwa pamoja, na asingeweza kuivua nafsi moja ili aandike kwa nafsi nyingine. Mwezi wa Novemba 1964 wakazi wa masaza hayo mawili walipiga kura, wakachagua kurudi Bunyoro. Watu walihama makwao na wengine walikufa katika ugomvi ambao ulibishaniwa, pamoja na mengine, kwa lugha ya historia.

Je, basi masimulizi yatupwe? Hapana. Anayeyatupa yote ni mvivu sawa na anayeyameza yote. Jan Vansina, Mbelgiji aliyefanya kazi Kongo na Rwanda, alifundisha katika kitabu chake cha 1961 kwamba neno la mdomo ni ushahidi kama ushahidi mwingine, na lipimwe: nani amelisema, kalipata kwa nani, na ananufaika nini. Kwa kipimo hicho habari ya Biharwe ina nguvu mahali pamoja. Bunyoro nayo imehifadhi habari ya Omukama wake kuacha mateka na kurudi. Watu hawana desturi ya kujitungia aibu. Kwa hiyo ni haki kusadiki ya kuwa palikuwa na uvamizi, na giza, na ng'ombe walioachwa. Jina la mfalme lina mashaka zaidi, kwa kuwa kisa kizuri huweza kuhama kutoka mtawala mmodi hadi mwingine. Mwaka ndio dhaifu kuliko vyote, ijapokuwa ndio unaoonekana imara kwa sababu ni tarakimu.

Upo ushahidi wa namna nyingine, nao ni wa udongo. Huko Bigo, karibu na mto Katonga, kuna mahandaki makubwa yenye urefu wa zaidi ya kilomita kumi, mengine yamechimbwa hata ndani ya mwamba. Wenyeji huyahusisha na Wachwezi. Merrick Posnansky alichimbua hapo mwaka 1960, na vipimo vya makaa vikaelekeza kwenye karne ya 14 na ya 15. Makaa hayana ukoo wa kuutetea. Hata hivyo hayasemi jina la mtu. Yanaeleza kwamba palikuwa na mikono mingi, na mtu mwenye uwezo wa kuiamuru. Kwamba mtu huyo aliitwa Ndahura au Wamala, hilo limebaki kwa wasimulizi.

Katika nyumba nyingi za askari wamo wazee wanaokumbuka mengi, na watoto wenye kalamu. Anayetaka kuandika habari za ukoo wake aandike kwanza jina la msemaji na tarehe ya mazungumzo, kisha aulize kila jambo msemaji alilishuhudia mwenyewe au aliambiwa, na kama aliambiwa, na nani. Wazee wawili wakitofautiana, maneno ya wote wawili yaandikwe, kila moja mahali pake, bila kuyalainisha ili yapatane.