Ordinatere Ihesabu Viti, Ngoma Ibaki na Mwenye Ngoma

Katika mkutano wa kutayarisha sikukuu yetu ya ngoma hapa Likasi kijana mmoja alifungua ordinatere, akatuonyesha mpango wote: makundi 12, kila kundi dakika 7, rangi ya kijani aliye tayari, nyekundu aliyechelewa. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, na wengine wakasema, "Huyu mzee anaogopa mashini." Hapana. Wababa wetu walifanya kazi kwa zamu ku Shituru, saa tunaijua sana. Lakini zamu ilikuwa ya kiwanda.

Mwaka uliopita tulijaribu mpango wa namna hiyo. Kundi la wamama wa Kikula lilipanda jukwaani, ngoma ikaanza pole pole, kama ilivyo kawaida. Ilipopata moto, dakika zikaisha, mikro ikakatwa. Mwimbishaji alikuwa bado anataja majina ya marehemu. Mama mmoja alishuka akaniambia: "Baba, banatukata mu katikati. Bale tulikuwa tunaita, sasa tutabaambia nini?" Hata leo sina jibu.

Ngozi ya ngoma hukazwa kwa moto. Siku ya mvua inakawia, inalia kama sanduku, na mpigaji anairudisha tena karibu na makaa. Ni programu gani inajua jambo hilo?

Watajibu kwamba bila mpango ulioandikwa ni fujo tu. Je, wamesahau Mufwankolo na kundi lake la Lubumbashi? Mwaka 1986 walitengeneza mchezo "Le pouvoir se mange entier" bila maneno kuandikwa kwanza. Walizungumza, wakapatana juu ya hadithi, wakagawana sehemu, wakarudia, na kila mmoja akatafuta maneno yake mwenyewe. Johannes Fabian alikuwepo, akaandika kitabu kizima juu ya kazi hiyo, kilichotoka 1990. Mpango ulikuwepo! Ulikaa katika vichwa na masikio.

Na hao wazungu wenye mashini, wanafanyaje? Katika tiyatro nyingi za Ulaya na Marekani wanatumia programu inayoitwa QLab kuongoza sauti, picha na taa. Kwenye kioo chake kuna kitufe kikubwa kilichoandikwa GO. Tiyatroni msimamizi anamwangalia mchezaji, anasubiri neno lake, ndipo anatoa amri na kitufe kinabonyezwa. Mashini inamngoja mtu. Sisi tumegeuza, mtu anaingojea mashini, tena tunajiita wa kisasa.

Basi huyo kijana apewe kazi, tena kubwa. Ordinatere ihesabu viti, chakula, makuta na mafuta ya jenereta. Iandike saa ya gari kutoka Lubumbashi, maana ni kilometa kama 120 na mara nyingi wageni wanafika kumekwisha kuwa usiku. Iandike pia kila kundi linaanza saa ngapi. Mwisho isiandike. Kijana asimame karibu na mwenye ngoma, amwangalie mkono, akipewa alama ndipo aite kundi lingine.

Watasema muda hautatosha. Kweli, kwa makundi 12 hautatosha. Tuite 4. Na wale wamama wa Kikula njo waanze.