Lori Likifika, Nani Anayehesabu?



Wiki hii, wasomaji wetu watukufu, twaingia mahali ambapo safu hii haijazoea kukanyaga: kwenye mchanga, kokoto na saruji. Kilichotupeleka huko ni kisa cha dada mmoja wa viungani mwa Mombasa, aliyeturuhusu tukisimulie bila ya kumtaja jina.

Mumewe yuko Uarabuni, kama walivyo waume wengi wa Pwani, na nyumba yao imekuwa ikipanda kidogo kidogo kwa kadiri ya pesa anazotuma. Walipofikia kumimina zege la dari, dada aliagiza mifuko 80 ya saruji. Lori lilifika baada ya Alasiri, naye yumo nyumbani anakoishi kwa kodi, hatua chache tu kutoka kiwanjani. Kijana wa lori akaja mlangoni na karatasi; dada akaitia saini papo hapo, kwa kuona haya kwenda kusimama mbele za wanaume wa kazi. Siku ya kumimina, saruji ikaisha kabla zege halijafika mwisho. Mifuko mitupu ilipohesabiwa, ikawa 68.

Macho yote yakamgeukia kibarua mmoja, kijana mgeni wa mtaa, aliyekuwa akilala pale pale kiwanjani. Akafukuzwa, na ujira wake wa siku nane akanyimwa. Miezi miwili baadaye lori lile lile lilimletea jirani mzigo. Jirani, ambaye ni mama mtu mzima asiyechelea macho ya watu, alisimama akahesabu mfuko kwa mfuko, akakuta kumi haimo. Hapo ndipo dada alipoelewa mifuko yake ilikokwenda. “Saruji nimeshaisamehe,” alituambia. “Zile siku nane ndizo zisizonipa usingizi.”

Likitajwa neno usalama katika ujenzi, wengi wetu hufikiria ukuta mrefu, vigae vya chupa juu yake, na mbwa. Hayo yana mahali pake. Lakini mali nyingi ya mjengo haitoki usiku kwa kurukiwa ukuta. Hutoka mchana, kwa mlangoni, au haiingii kabisa. Na asiyehesabu hupata hasara mara mbili: hupoteza mali, kisha hushindwa kujua ni nani wa kumuuliza, akamshika aliye karibu. Huyo aliye karibu aghalabu ndiye mnyonge kuliko wote.

Kuhusu haya, twasema kwa upole. Bibi Khadija, radhiyallahu anha, alikuwa mfanyabiashara. Alimkabidhi bidhaa zake Mtume wetu, swallallahu alayhi wasallam, kabla ya kuolewa naye, wakati watu wa Makka wamekwisha kumwita Al-Amin. Na juu ya hivyo alimtuma Maysara afuatane na msafara wa Sham, na aliporejea alimsikiliza habari zake. Hakuna aliyeona kuwa hilo ni kumshuku mtu. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur’ani, ile ya Suratul Baqara, yahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Daftari la mjengo, basi, si jambo geni kwetu.

Daftari lenyewe ni la shilingi chache. Liandikwe tarehe, kilichoingia, kilichotumika, na majina mawili: la aliyeleta na la aliyepokea. Karatasi ya mzigo isitiwe saini mpaka mfuko wa mwisho uwe umeshuka. Ikiwa mwenye nyumba hawezi kutoka, basi atoke kijana wake, mjomba, au jirani wa kuaminika, na picha za mzigo apelekewe baba huko aliko siku hiyo hiyo. Mifuko itiwe alama ya rangi inaposhushwa. Jioni mifuko mitupu yenye alama ikusanywe na kuhesabiwa. Vyuma navyo vipakwe rangi nchani. Tangu mwaka 2015 sheria yataka mnunuzi wa vyuma chakavu awe na leseni, na chuma chenye rangi ya mtu ni kigumu kukieleza mbele ya mizani yake. Tena saruji isirundikwe ya miezi. Hewa yetu ya bahari huigandisha mfukoni, na rundo kubwa ni kishawishi. Inunuliwe ya kazi ya wiki hiyo, ipangwe juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta.

Kuna wizi mwingine ambao twauona mbaya zaidi, nao ni ule unaobaki ndani ya jengo. Zege la dari la kawaida huchanganywa kwa kipimo cha saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mfuko wa kilo 50 hujaza lita 35 hivi. Basi fundi muungwana hutengeneza kasha la kipimo hicho, akapima mchanga makasha mawili na kokoto manne kwa kila mfuko. Saruji ikipungua, iwe imeibwa au haikufika, kishawishi ni kuongeza mchanga ili kazi iishe, kwa sababu zege likikatizwa katikati huacha mshono dhaifu. Kwa macho hutaona tofauti, na ukishapigwa plasta ndiyo kabisa. Watakaolala chini ya dari hiyo ni watoto wako. Kwa hiyo, mama, siku ya kumimina uliza kasha liko wapi. Ukiambiwa kwamba fundi anakadiria kwa koleo, simamisha kazi mpaka kasha lipatikane.

Bawabu naye tumtazame kwa jicho la haki. Katika mitaa mingi ndiye kibarua wa mchana, akageuzwa mlinzi usiku kwa nyongeza ndogo, chini ya bati moja, bila ya taa. Mtu huyo atalala tu, na hatuwezi kumlaumu. Mpe taa ya sola, filimbi, salio la simu na nambari za majirani watatu. Mlipe kwa siku mliyoagana. Hadithi ya ujira na jasho twaijua sote. Na mwambie waziwazi kwamba wezi wakija, kazi yake ni kupiga filimbi na kuita watu, asipigane. Hakuna mfuko wa saruji ulio sawa na roho ya mtu. Mwizi akishikwa, apelekwe polisi. Kumpiga mtu mpaka afe kwa ajili ya waya na misumari ni dhambi ambayo mtaa mzima utaibeba.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtwika mwenye mahali pa kazi dhamana ya wanaofanya kazi humo. Lakini kuna wageni wengine wa kiwanja: watoto wa jirani, ambao rundo la mchanga huwaita kama sikukuu. Shimo la choo lililochimbwa likaachwa wazi hujaa maji wakati wa masika, na maji yale ya rangi ya udongo hayaonyeshi kina. Lifunikwe kwa mbao nzito siku ile ile mafundi wanapoondoka, hata kama pesa zimekatika na kazi imesimama. Kazi iliyosimama ndiyo yenye hatari zaidi, kwa kuwa hakuna mtu mzima anayepita.

Dada yetu sasa huhesabu mwenyewe, amevaa buibui lake na kalamu mkononi, na mafundi wameshazoea. Ujira wa siku nane ameutia katika bahasha, imo kabatini. Aliwauliza masheikh, wakamwambia aendelee kumtafuta mwenyewe kabla ya kufikiria kumtolea sadaka. Fundi mkuu amepata habari kwamba kijana alionekana kwenye mjengo mmoja huko Malindi, na Jumamosi hii dada anapanda matatu kwenda kuuliza.