Programu ilikipita, jicho likakiona
Hapa Busia nikitaja falaki naambiwa hiyo ni kazi ya wenye darubini kubwa. Sikubali. Mwaka 2021 kilitangazwa kibete kahawia cha ajabu, yaani gimba lililokosa uzito wa kutosha kuwaka kama nyota, kama miaka-nuru 50 kutoka kwetu. Kikabatizwa jina la Ajali. Aliyekigundua ni Dan Caselden, wa kujitolea tu, aliyeandika programu ya kupekua picha za darubini ya angani ya WISE. Programu ilitafuta vinavyofanana na vibete vilivyojulikana, hiki ikakipita! Alikuwa akikagua kingine, akakiona kinakatiza kwenye skrini. Picha hizo bado ni za bure kwenye intaneti. Sisi tunaoshinda tukirekebisha programu za maduka na za mawakala wa forodha, tunakosa nini? Bando, labda.